Tasnifu Inamsubiri Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa na aibu na haraka kwa pamoja, maana Ijumaa ya wiki ijayo nitasimama katika ukumbi wa kanisa huko Gachoka kusoma matokeo ya utafiti wangu wa uzamifu mbele ya wakulima walionipa habari, na mstari wa mbele atakuwa ameketi mama mkwe wangu, na tasnifu yangu ina shimo kubwa mahali ambapo yeye alipaswa kuwa, na sijui nitalifunika vipi wala kama inafaa lifunikwe.

Mimi ni Bundi, mtu wa Kianjai huko Meru, na niko katika mpango unaofundisha watafiti wa teknolojia na ubunifu kwa maendeleo ya Afrika. Tumetoka nchi kadhaa, tunasomea Embu mjini, na kila Jumatatu tunazunguka meza moja, mmoja wetu anaweka sura yake katikati kama mbuzi na sisi wengine tunaichuna mpaka mwenyewe aombe maji. Msimamizi wangu ni Profesa Karimi, mama asiyepaza sauti, anayependa kusema kwamba Afrika haikosi mashine, inakosa watu wa kuuliza kwa nini mashine imesimama. Mpango wetu una sheria moja ambayo vyuo vingine havina: kabla watahini hawajaiona tasnifu, mwanafunzi hurudi alikofanyia utafiti, akasoma matokeo mbele ya waliompa habari, kwa lugha wanayoielewa, na wakisema si kweli anarudi shambani kuanza tena, lakini wakinyamaza basi matokeo yamepita.

Swali langu ni dogo. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja liligawa mashine za kupura ndengu, yaani choroko, kwa vikundi vya wakulima Mbeere, mashine za aina moja, mafunzo ya aina moja, mwalimu yule yule, na leo ukizunguka utakuta nyingi zimekuwa vitanda vya kuku ilhali chache zinanguruma kila msimu, nami nataka kujua kwa nini. Kikundi kinachofanya kazi kuliko vyote ni cha akina mama wa Gachoka na mwenyekiti wake anaitwa Nelius. Nilipoanza utafiti alikuwa kwangu mwenyekiti tu kama wenyeviti wengine, akanikaribisha, akanipa uji, akaniambia nirudi baada ya mavuno nimhoji vizuri mikono ikiwa imepumzika. Lakini kabla ya mavuno nikakutana na binti yake Wanjira, mwalimu wa shule ya msingi, na wewe ni mtu mzima sihitaji kukueleza yote, mavuno yalipoisha wazee wangu walikuwa wamekwisha kwenda kwao na kurudi, na Mama Nelius akawa mama mkwe wangu kabla sijamhoji.

Wewe unajua mila zetu, na katika jambo hili Meru na Mbeere ni ndugu. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawazoeani. Nikimwona njiani napisha. Hatuketi meza moja, tunasalimiana kwa mbali macho yakiwa chini, na hakuna kubishana mbele ya watu hata kidogo, sasa mimi nitawezaje kumwekea kinasa sauti mbele ya uso na kumuuliza mashine iliharibika lini, na mligombana nani na nani, na nani aliamua nini, maana hayo ndiyo maswali niliyowauliza wenyeviti wengine wote. Sikuweza. Nikamhoji katibu wao, mzee mmoja aitwaye Runji, naye akanijibu upesi kabla sijamaliza swali: “Ni mafunzo, kijana. Sisi tulifunzwa tukashika. Andika hivyo.” Nikaandika hivyo, na ukweli ni kwamba hata wenyeviti wa vikundi vingine ambavyo mashine zao zinafanya kazi walinijibu mafunzo, basi nikajenga sura nzima juu ya mafunzo, ingawa vikundi vyenye kuku juu ya mashine vilipata mafunzo hayo hayo, na hilo nililieleza kwa kusema kwamba hawa walisikiliza zaidi kuliko wale.

Jumatatu iliyopita ikawa zamu ya sura yangu. Profesa Karimi aliisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, akauliza, “Bundi, mahojiano ya mwenyekiti wa Gachoka yako wapi?”

“Profesa, yule sasa ni mama mkwe wangu.”

“Ulipopeleka mahari, ulipeleka na data yetu ndani yake?”

Wote walicheka, hata mwenzetu wa Malawi ambaye hatujui meno yake. Kisha Profesa akasema bila kucheka, “Siwezi kukuambia uvunje mila ya kwenu. Lakini siwezi pia kutia sahihi sura ambayo mwenyewe hayumo.”

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anapika. Aliposikia neno mafunzo aliweka mwiko chini akacheka mpaka akashika meza.

“Mafunzo! Runji ndiye amekuambia hivyo?”

“Yeye, na wengine pia. Kama si mafunzo ni nini?”

“Mimi si mdomo wa mama. Usiniulize.” Halafu akaacha kucheka. “Lakini fikiria kitu kimoja, Bundi. Utasimama pale useme ni mafunzo. Mama anajua si mafunzo. Hawezi kukukosoa mbele ya watu kwa sababu wewe ni mkwe. Akinyamaza, amekubali uongo ndani ya kanisa. Sasa mama yangu umemweka wapi?”

Mshauri, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mimi siwezi kumuuliza kwa sababu ya heshima, yeye hawezi kunipinga kwa sababu ya heshima, na kwa sheria yetu ukimya ni kukubali, kwa hivyo nikisoma tu nilichoandika nitapita. Nitaitwa daktari juu ya jambo ambalo mimi na yeye, ndani ya ukumbi ule, tunajua si kweli.

Mwenzangu mmoja darasani ameniambia niandike mahojiano ya mama mkwe kwa kubuni. “Unajua vile anaongea. Nani ataenda Gachoka kumuuliza kama alisema?” Nilifungua kompyuta, nikaandika neno Mhojiwa, nikafunga. Mwingine, Lenah, ambaye anatafiti mizani ya elektroniki kwenye vituo vya kununulia majani chai huko Kibugu, alisema, “Nipe mimi niende. Mimi si mkwe wa mtu.” Nilimkatalia, kwa sababu mahojiano hayo ndiyo moyo wa tasnifu yangu, na shahada ya uzamifu ni ya mtu mmoja, na nikimpa mtu mwingine aulize swali langu kuu watu watasema nini, kwamba nilifanyiwa kazi? Nikiahirisha, nafasi nyingine ya kusoma ni mwaka ujao na ufadhili wangu utakuwa umeisha, na hapo sitamaliza tena, nitarudi Kianjai nikiwa mtu aliyekaribia.

Niambie la kufanya, lakini niambie upesi.

Bundi, Embu mjini

*

Bundi,

Pole sana. Pole imeishia hapo, sasa tufanye kazi.

Kabla ya kupewa safu hii nilikuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi, wa mahakamani na wa mabarazani, na kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali ambayo watu hawakutaka kuulizwa. Nilijifunza kwamba mtu akisema hawezi kuuliza swali fulani, huwa ana sababu ya heshima ambayo huisema, na chini yake ana sababu nyingine ambayo huificha. Ya heshima umeieleza vizuri na ninaiamini. Ya pili umeitaja kwa haraka karibu na mwisho wa barua, kana kwamba ni jambo dogo: hutaki Lenah aulize kwa sababu watu watasema ulifanyiwa kazi. Mila haina kosa hapo. Hicho ni kiburi, na ungekikemea upesi kama ungekikuta kwa mwanafunzi mwingine pale mezani penu.

Unasema mila imekufunga mdomo. Hebu nikuulize. Siku wazee wako walipokwenda Gachoka kumwomba Wanjira, nani alisema? Wewe? Wewe uliketi kimya kama mgonjwa kwenye foleni, ukatazama viatu vyako, na msemaji akazungumza kwa niaba yako kuanzia salamu mpaka mahari. Je, Wanjira ni mke wa msemaji? Kuna mtu yeyote Gachoka au Kianjai anayedai kwamba ulifanyiwa ndoa? Hayupo. Mila yenu ilijua tangu zamani kwamba wakwe wana mambo ya lazima ya kuambiana na hawawezi kuambiana uso kwa uso, ikaweka mtu wa katikati. Wewe umechukua katazo ukaacha njia iliyokuja pamoja nalo. Umesoma mila nusu, kama ulivyosoma Gachoka nusu.

Kuhusu kubuni mahojiano sitasema mengi. Ulifunga kompyuta. Usiifungue tena kwa kazi hiyo. Mwenzako aliyekushauri hivyo anasomea kazi ambayo nchi nzima itaiamini, na mtu wa namna hiyo ananitisha kuliko mashine yoyote yenye kuku juu yake.

Kuhusu Runji, nakuonya: usimgombeze. Mtu anayekupa jibu tamu kabla hujamaliza swali ana kitu anakilinda, na jibu lile lile likitoka kwa wenyeviti wanaokaa mbali mbali, basi wote wanalinda kitu cha aina moja. Mwandishi wa habari akikuta midomo mingi ina sentensi moja, haandiki sentensi hiyo. Anauliza nani anaogopwa. Wewe uliiandika, ukaiita sura.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi mwone Profesa Karimi, umwambie kwamba Lenah ataenda Gachoka badala yako na kwa nini. Maswali uyaandike wewe mwenyewe, yale yale uliyowauliza wenyeviti wengine, usipunguze hata moja kwa sababu ya aibu. Usimtume Wanjira, amekwisha kukuambia yeye si mdomo wa mama yake na ana haki. Tuma mzee wa kwenu, yule yule aliyesema siku ya posa kama bado ana nguvu, aende aombe ruhusa kwa heshima yote, ndipo Lenah afuate. Lenah amwambie mama wazi kwamba anaweza kukataa swali lolote, na kwamba akisema jambo lisisomwe hadharani, halitasomwa. Nawe uvumilie. Akikataa kabisa, utaandika kwamba hapo hukupata jibu. Tasnifu yenye shimo linaloonekana haina aibu. Yenye aibu ni ile iliyozibwa shimo kwa matope.

Undugu wenu uandike ndani ya tasnifu, katika sura ya mbinu, kwa maneno ambayo hata mtu wa Malawi ataelewa: huyu ni mama mkwe wangu, sikumhoji mimi, alihojiwa na fulani. Sura ya mafunzo itoe, hata kama uliipenda. Siku ya Ijumaa sehemu ya Gachoka asome Lenah, wewe ukae nyuma, ili mama akitaka kupinga awe anampinga Lenah wala si mkwe wake. Hapo umemfungulia mlango wa kusema ukweli bila kuvunja heshima. Huo ndio mlango ambao mke wako alikuwa anaulilia juu ya sufuria.

Usiahirishe. Nenda.

*

Jibu hilo nilimtumia Bundi siku ile ile barua ilipofika, kwa sababu gazeti lingechelewa. Leo naichapisha barua yake na jibu langu, pamoja na yaliyofuata, kwa ruhusa ya wote waliotajwa. Mwandishi mzee haachi habari njiani, kwa hivyo Ijumaa ile nilikwenda Gachoka mwenyewe.

Mzee aliyetumwa ni Kaberia, baba mdogo wa Bundi na ndiye aliyekuwa msemaji siku ya posa. Alinisimulia kwamba alifika na sukari na majani chai, akaketishwa, na baba mkwe, Mzee Njura, akamtazama kwa wasiwasi.

“Kama mmekuja tena kuomba, Kaberia, binti mwingine sina.”

“Safari hii hatutaki binti. Tunataka maneno.”

“Maneno ya nani?”

“Ya Mama Wanjira. Kijana wetu anayataka na hawezi kuja.”

Njura alicheka, akamwita mkewe. Nelius alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akauliza kijana atasoma kitu gani kanisani. Kaberia akamwambia ni mafunzo. Yule mama akasema Lenah aje kesho yake, naye atamwambia kila kitu. Lakini sababu yenyewe isisomwe na mtu, ataitoa mwenyewe kama moyo wake utakubali.

Ukumbi ulijaa. Walikuwapo watu wa vikundi vyote vilivyopewa mashine, Profesa Karimi na wanafunzi wake, na afisa wa shirika lililogawa mashine, aliyealikwa kama sheria yao inavyotaka. Bundi alisoma sehemu za vikundi vingine, akatoka mbele, akaenda kukaa mstari wa nyuma karibu na dirisha. Lenah akashika zamu. Alisoma vizuri, kwa Kiswahili rahisi, mpaka alipofika kwenye sababu ya mashine ya Gachoka kufanya kazi. Hapo akainua macho.

“Sababu ya hapa haijaandikwa. Mwenyewe ameomba aamue leo.”

Nelius alisimama. Ni mama mrefu, alivaa kitambaa cha chama cha akina mama wa kanisa. Alimtazama Lenah peke yake, kama vile ukumbi mzima hauna mtu mwingine.

“Binti yangu, mimi siwezi kudanganya ndani ya hii nyumba. Ile mashine ilikuja na meno ya chuma na ilizunguka mbio kama inafukuzwa. Ndengu ilikuwa inapasuka. Mnunuzi akaangalia gunia letu akasema, hii mnipe bure nilishie kuku. Na tuliwekewa sheria kwamba tusiibadilishe, kikundi kikiibadilisha kinanyang'anywa.” Akavuta pumzi. “Tuliibadilisha.”

Mtu mmoja nyuma alisema “Amina” kabla hajajizuia, na watu wakacheka.

“Tulipeleka kwa fundi wa jua kali, wa kibanda cha barabarani kule Kiritiri. Akatoa chuma, akaweka mpira wa tairi. Akaweka puli kubwa ndiyo izunguke polepole, tukaipaka rangi ile ile isionekane ni ngeni. Wageni wamekuja wengi kupiga picha. Mfuniko una bolti, na hakuna mgeni hata mmoja aliomba spana. Runji nilimtuma mimi aseme ni mafunzo. Mkimlaumu mnilaumu mimi. Sasa wenye mashine wako hapa na wamesikia. Tumekula jasho letu kwa hiyo mashine na naijua thamani yake. Lakini ile siku nimesikia mkwe wangu atasimama hapa na uongo wetu mdomoni, awe daktari kwa huo uongo, nikasema hapana. Heri mashine iende. Wakiichukua, mpira na puli watuachie, hivyo ni vyetu.”

Akaketi. Afisa wa shirika aliomba maji.

Mzee mmoja wa kikundi kingine, upande wa kulia, aliinuka akiwa bado ameshika kofia yake.

“Na sisi.”

“Na nyinyi nini, mzee?” Lenah akauliza.

“Sisi tulizungushia yale meno magunia. Kila msimu tunaweka mapya.”

“Wezi!” mama mmoja akamtania. “Na mlituambia mlisali!”

“Tulisali pia.”

Kisha huyo huyo mama aliyemtania akasimama akakiri kwamba wao waliyakata meno kwa msumeno mpaka nusu. Na mwingine baada yake. Ilikuwa kama saa ya ushuhuda siku ya Jumapili, mmoja akiketi mwingine anainuka, na kila aliyesimama alidhani mpaka dakika ile kwamba ni kikundi chake peke yake kilichovunja sheria.

Hapo Profesa Karimi aligeuka kuelekea nyuma. “Bundi, wewe ndiye uliyevitembelea vyote. Unaona nini?”

Bundi alisimama akautazama ukuta, upande ambao mama mkwe wake hakuwapo.

“Naona kwamba kila mashine inayofanya kazi, wenyewe waliivunjia sheria. Na kila mahali walipotii sheria, kuku wanalala juu yake. Hakuna iliyotoka nje ya mstari huo. Hata moja.”

Kisha ukumbi ulipiga kelele. Akina mama wa Gachoka walipiga vigelegele, wale wenye kuku wakacheka kwa uchungu na kuanza kuulizana fundi wa Kiritiri anapatikana siku gani, na Runji, katibu, akasimama juu ya benchi akitangaza kwamba yeye sasa hana siri tena na asiulizwe kitu. Ninaandika hivi kwa sababu niliona: hakuna kikundi kimoja ambacho kingeweza kuliona jambo lile peke yake. Kila kikundi kilijua mashine yake. Aliyezijua zote, akaziweka kando kwa kando, ni yule kijana aliyekuwa anaongea na ukuta.

“Hiyo ndiyo sura yako,” Profesa Karimi alimwambia. “Kaandike.”

Afisa wa shirika alisema atafikisha habari ofisini. Nimesikia maafisa wengi wakisema hivyo, kwa hivyo sikuandika neno mpaka nilipopiga simu ofisini kwao, nikapiga tena, nikapiga mara nyingine. Mashine hazikuchukuliwa. Sheria ya kutozibadilisha imefutwa, na fundi wa Kiritiri ameajiriwa kuzunguka kwenye vikundi vyenye kuku. Nilipopita Mbeere msimu huu, kuku walikuwa wamehamishwa, nao hawakufurahi.

Tasnifu ilisomwa na watahini miezi kadhaa iliyopita. Undugu umeandikwa katika sura ya mbinu, kwa maneno yaliyo wazi, na jina la Lenah liko pale kama mhoji. Mtahini mmoja kutoka nje ya nchi aliuliza kama haikuwa udhaifu kwamba mtafiti hakumhoji mtu wake muhimu zaidi. Bundi alimjibu kwamba kama asingekuwa mkwe, mama yule angemjibu mafunzo, kama wenyeviti wote walivyomjibu. Mtahini aliitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa. Bundi alipita bila kurudishwa. Mpango wao sasa unamtaka kila mwanafunzi aseme mapema nani katika eneo lake la utafiti ni ndugu, ni mkwe au ni rafiki, na nani atamhoji kwa niaba yake.

Siku ya mahafali Mama Nelius alikuja Embu, akaketi mbali na mkwe wake kama inavyopasa, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kwenye maegesho. Hawakuzungumza. Baada ya chakula alimwita Kaberia pembeni, akampa ujumbe, naye Kaberia akavuka uwanja mzima wa nyasi kuufikisha.

“Mama anasema hongera. Tena anasema kupura mtama kunawaumiza mikono kuliko ndengu ilivyowaumiza, na makapi yake yanawasha ngozi. Anauliza Daktari ataanza lini.”

Bundi alinipigia simu jioni ile akitaka ushauri: ana barua ya kazi mkononi, Profesa Karimi anamtaka afundishe kundi jipya la wanafunzi wa uzamifu, na sasa kuna hili la mtama. Aanze na lipi? Nilimwambia kwamba mtu aliyefuzu kazi ile haulizi tena gazeti. Anauliza mtama wa Mbeere unavunwa mwezi gani, halafu anawapeleka wanafunzi wake wapya huko huko wakajifunzie kazi. Aliuliza. Wameanza.